Mguu Nao Upo

Komarock, Nairobi
Februari 3, 2025

Dada yangu Rispa,

Pokea salamu za mtu aliyefunguliwa kifua kama sanduku la nguo na kufungwa tena. Mimi ni mzima. Niko hapa kwa mwanangu Frankline, hawajaniruhusu kurudi kwangu Ziwani kuishi peke yangu. Mwenyewe Frankline yuko Garissa kwa kazi yake ya visima na hurudi mwisho wa mwezi tu. Mkewe Wacuka anakusalimu. Mjukuu wako Eve ameng'oka jino la mbele na sasa anacheka kila saa ili tulione pengo.

Najua mwanao Javan alikuandikia kwenye karatasi yale niliyomweleza kwa simu, lakini Javan hufupisha mambo. Tangu masikio yako yagome, mimi naona ni afadhali turudie barua, kama zamani nilipokuwa Voi.

Basi ni hivi. Mishipa inayolisha moyo ilikuwa imeziba. Kule reli nilikofanya kazi, njia kuu ikiziba tulikuwa tunalipitisha gari moshi kando, kisha linarudi kwenye njia yake mbele ya kizuizi. Ndivyo madaktari walivyofanya na damu yangu. Lakini njia ya kando inahitaji chuma, na chuma chenyewe walikitoa mguuni mwangu: mshipa mmoja mrefu, mguu wa kushoto, kutoka kifundoni hadi pajani. Daktari anasema mguu una mishipa mingine, hautaulilia huo. Kwa hiyo nina mshono wa kifua, ambao dunia nzima inauulizia, na mshono wa mguu, mrefu kuliko ule, ambao hakuna anayeujua.

Masharti ni mengi. Sukari yangu isipande. Kila nikikaa, mguu uwe juu ya kiti. Na mtu wa nyumbani autazame kila siku, hasa ndani ya paja nisikoona vizuri: kama umekuwa mwekundu, una moto, umevimba au unatoa maji. Nikaitikia. Lakini Rispa, huyo mtu wa nyumbani ni nani? Tangu Maurine wangu afariki sina mtu wa kunitazama paja. Frankline hayuko. Aliyepo ni Wacuka, na kwetu mkwe haoni paja la mkwe wake, hata goti ni taabu. Nimechukua kioo changu cha kunyolea ndevu. Kinatosha.

Nisalimie Javan na ng'ombe wake mkaidi.

Ndugu yako,
Phares

* * *

Mudete
Februari 16, 2025

Kaka Phares,

Barua yako nilikabidhiwa njiani na kijana wa afisi ya basi, nikaisoma nimesimama, kikapu cha majani chai kikiwa bado mgongoni. Mungu ni mwema. Nilikuwa nimeanza kuzoea wazo la kubaki mwenyewe, na wazo hilo halizoeleki.

Huku tuko salama. Javan amepata mtoto wa pili, mvulana, ana kichwa cha baba yetu, pole yake. Sikio langu la kushoto sasa halisikii hata kengele ya kanisa. Javan anasema nitumie meseji. Nimemwambia meseji ni za kuitana mazishini, za kuongea ni barua.

Sasa tuongee. Kioo cha kunyolea? Phares, kioo hakina mkono wa kujua kama kidonda kina moto, wala hakina pua. Nani alikutoa akili pamoja na huo mshipa? Mke wa Frankline aite mama wa kanisa, aite nesi, aite mzee yeyote wa kiume mwenye macho, lakini mtu auone mguu. Sisemi auone yeye. Hilo halisemeki, mambo ya ukwe hayachezewi na baba angefufuka atuchape sote. Lakini mtu.

Nimekutumia ndizi na mboga ya mrenda. Ndizi usizile zote, nakumbuka sukari yako hata kama wewe huikumbuki.

Dada yako,
Rispa

* * *

Komarock
Machi 9, 2025

Rispa wangu mkali,

Ndizi zilifika, nikala moja, niulize Wacuka. Maana ana jina, dada yangu, na halijawahi kuuma ulimi wa mtu. Ametokea kuwa mpishi wa mrenda kuliko wasichana wengi wa kwetu, akishindana na ule uzi wake unaovutika mpaka Eve anacheka.

Nyuzi zilitolewa. Daktari alisikiliza kifua akatabasamu. Sasa napanda ngazi hadi kwa jirani wa juu bila kupumzika. Kifua hakiumi hata nikipiga chafya. Nikilala kifua kimetulia, nikiamka kimetulia.

Jumamosi iliyopita tulipata wageni. Ndung'u, babake Wacuka, yule babu ambaye Eve humwita guka, anayeuza nyama ya mbuzi Kiamaiko, alikuja kunipa pole pamoja na wazee wawili wa kwao. Walileta mbuzi mzima, amekatwakatwa tayari. Unajua mwenyewe, mkwe akija huwezi kumpokea umelaza mguu kwenye meza kama mlevi. Nikavaa suruali ya kitambaa, soksi ndefu na viatu vya kanisani, nikakaa wima toka asubuhi hadi walipoaga jioni. Walinisifu sana. Ndung'u alisema, "Mzee Phares, wewe ni chuma!" Nikafurahi kama mtoto.

Tangu siku hiyo navaa soksi hata ndani ya nyumba, nimezizoea. Joto la huku ni kali, mvua bado.

Unaniuliza mguu. Mguu nao upo.

Wako,
Phares

* * *

Mudete
Machi 23, 2025

Phares,

Sote wazima, mvua imeanza, mtoto wa Javan ananenepa. Salamu zimeisha.

Mguu upo? Hata nguzo ya stima ipo. Nilikuuliza habari za mguu, ukanipa habari za kifua kutoka kulala hadi kuamka. Kisha unaniambia soksi. Wewe, uliyeoa bila soksi mpaka Maurine akalia mbele ya kasisi, leo unashinda na soksi ndefu ndani ya nyumba, Machi, Nairobi, joto kali? Mimi ni kiziwi, sijawa mjinga.

Niandikie mambo matatu tu: una rangi gani, una joto gani, nani ameuona. Usiniandikie lingine.

Rispa

* * *

Ziwani
Aprili 22, 2025

Dada Rispa,

Nisamehe kwa kukawia. Pasaka imepita vizuri, nilifuata ibada kwa redio. Natumai nyinyi mlikula vizuri na kuimba vizuri.

Nimerudi Ziwani kidogo kuangalia nyumba, panya wasije wakadhani ni yao. Willis, tuliyekuwa naye reli, ananiletea uji asubuhi. Ni mtu mwema. Kifua kiko sawa.

Nilitaka kukuuliza. Ule ua mliozungushia kaburi la mama, bado umesimama? Na pale kulia kwake, pamelimwa au pako wazi? Nauliza tu, usijibu haraka. Kalamu imekuwa nzito.

Phares

* * *

Mudete
Aprili 27, 2025

Kaka yangu,

Leo sisalimu.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilisoma neno "Ziwani" kabla sijafika kwenye jina langu, nikajua kuna jambo. Mtu aliyepasuliwa moyo haachi kitanda cha mwanawe akaenda kutishia panya. Nilipofika kwenye kaburi la mama sikumaliza. Nilikimbia hadi kwa Javan, mimi na magoti haya, nikamwambia ampigie mke wa Frankline papo hapo.

Alikuwa anajua umekwenda Ziwani kusali Pasaka na wazee wa reli. Ndivyo ulivyomwambia. Javan anasema alikata simu kabla hajamaliza kuelezwa. Baadaye alipiga tena, na Javan akaniandikia maneno yake nyuma ya kalenda. Nayanakili hapa uyaone: "Niko na Baba kwa teksi tunaenda hospitali. Ana homa, mguu umefura, unatoa usaha. Mwambieni Shangazi asilie."

Nililia. Nililia mpaka mtoto wa Javan naye akaanza.

Pale kulia kwa mama pamelimwa, Phares. Nimepanda maharagwe jana makusudi, hakuna nafasi. Usife. Sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Rispa

* * *

Wadini
Mei 11, 2025

Dada yangu mpendwa,

Nipo. Homa imeshuka. Nimeruhusiwa kuketi na kuandika. Frankline alikuja akalala kwenye benchi siku nne kisha kazi ikamwita. Wacuka amekuwa akija kila siku na chupa ya chai. Natumai maharagwe yamemea.

Nitakwambia yote sasa, maana uongo umenichosha kuliko homa.

Mguu ulianza kuharibika siku ile ya wageni. Walipoondoka nikavua soksi, ikakataa kutoka, imeganda. Kumbe juu kidogo ya kifundo mshono ulikuwa umeachana na unatoa maji. Baada ya siku chache ndani ya paja nako pakawa pekundu, pana moto. Ndiyo, mimi mwenyewe niliona, kwa kioo changu ulichokicheka. Kliniki ilikuwa bado wiki kadhaa, nikasema nitangoja. Nikampigia Willis. Akaniambia, "Si ufungue tu zile dawa za rangi mbili, unyunyize hiyo unga, itakauka chap chap." Wote wa reli tulikuwa tukifanya hivyo na majeraha ya kazini. Nikafungua vidonge nikanyunyiza. Ukakauka kweli, juu. Ukafanya gamba gumu zuri, nikajipongeza.

Chini ya gamba ulikuwa unaoza. Siku moja Wacuka alifungua madirisha yote akasema, "Baba, kuna kitu imekufa hapa kwa kochi, ama ni panya?" Nikamwambia ndiyo, ni panya. Akalisogeza lile kochi peke yake, akalala chini na tochi akimtafuta. Rispa, nilimwona mtoto wa watu amelala sakafuni anatafuta panya ambaye ni mimi, na bado sikusema. Kesho yake nikahamia Ziwani. Ndiye panya wa barua yangu.

Hapa wadini kuna nesi anaitwa Kasiva. Alipoutazama mguu aliuliza, "Mzee, hii unga ni ya kuoka nini?" Akatoa gamba polepole na maji ya chumvi. Walichukua usaha wakaupime, wajue ni dawa gani inayouua, maana dawa si zote. Wakafungua mshono sehemu mbili, wakaondoa nyama iliyokufa, wakanidunga dawa mishipani. Kwenye paja waliniwekea sponji na mpira wa kunyonya uchafu, unakoroma mchana kutwa kama baba akilala. Sukari ilikuwa juu sana. Daktari anasema mfupa haujaguswa na njia za moyo zinapitisha vizuri, lakini kama ningebaki Ziwani siku chache tena uchafu ungeingia kwenye damu, na hapo si mguu tu.

Sasa wanataka kuniruhusu. Kidonda kitafungwa upya kila siku, kwa wiki nyingi, kijae kutoka ndani. Nesi wa zahanati ya Komarock atakuja mara mbili kwa wiki. Siku nyingine lazima mtu wa nyumbani afundishwe. Kasiva akauliza, "Nani?" Wacuka akainua mkono.

Nikageuza uso ukutani. Nikasema nitarudi Ziwani, Willis atanifunga. Kasiva akaniuliza, "Willis ndiye mwenye unga?" Wagonjwa wakacheka. Wacuka hakucheka. Alifunga chupa ya chai akaaga vizuri, na jana hakuja.

Nimemuumiza. Anadhani namwona mchafu, au mgeni. Nitamwelezaje bila kuwataja baba na babu, na aibu ya kuvuliwa suruali na mke wa mwanangu? Hawataniruhusu kutoka bila mtu, na mimi mtu ninaye, lakini siwezi. Afadhali nibaki hapa mpaka nizeekee hapa.

Unishauri, lakini usinigombeze sana. Kalamu bado ni nzito.

Phares

* * *

Mudete
Mei 18, 2025

Wacuka mwanangu, na wewe Phares,

Barua hii nimeituma Komarock na si wadini, na nimeandika jina la Wacuka juu ya bahasha. Wacuka, ukiisha kuipokea nenda nayo hospitali, uketi karibu na kitanda, umsomee kwa sauti. Akijifanya amelala endelea kusoma. Tangu utotoni hulala hivyo hivyo.

Maharagwe yamemea. Javan, mkewe na watoto wanawasalimu.

Wacuka, kaka yangu hakuoni mchafu. Kwetu sisi baba mkwe na mke wa mwanawe wanaoneana haya, na haya hiyo ndiyo heshima yenyewe. Hakai ulipolala, havui shati mbele yako, hakuonyeshi goti. Kadiri anavyokuheshimu ndivyo anavyojificha. Amejificha mpaka akaoza. Najua kwenu mambo ni tofauti kidogo, kwa hiyo ulilala sakafuni kutafuta panya wala hukujua. Aliniandikia. Nilisoma hapo nikaiweka barua chini, nikatoka nje kutembea.

Sasa Phares, sikiliza, na usigeuke ukutani.

Unakumbuka tulipokuwa watoto kwenye nyumba za reli, ulipomwagikiwa chai ya moto tumboni mpaka mapajani? Ulikuwa mkubwa, umeshaanza kuona haya. Ulimfukuza kila mtu, hata mimi. Mama hakukuuliza. Aliingia na karai, akafunga kitambaa chake kichwani, akasema, "Nyoosha mguu." Ukanyoosha. Ulikuwa unaoneana haya na nani? Na mama?

Mama yetu aliitwa Kageha. Wa kwanza katika nyumba ya Kageha ni mimi, na majina ya nyumba hiyo nayagawa mimi. Leo baada ya ibada nimechinja kuku, nimewaita wanawake wa boma na Javan, nikasimama pale kaburini, ndiyo, kwenye maharagwe, nikasema Wacuka wa Ndung'u kuanzia leo anaitwa Kageha. Wakaitikia. Mke wa Javan alipiga vigelegele, nimeambiwa. Sijui kama wazee wangekubali. Sikuwauliza.

Kwa hiyo anayekusomea sasa hivi si mkweo, Phares. Ni mama. Mpe mguu.

Wacuka, jina lako nimelichelewesha miaka. Sasa unayo mawili. Ndani ya mzigo kuna kitambaa cha kichwa cha mama, kile cha maua ya samawati. Nimekitunza kwenye sanduku tangu tulipomzika na nilidhani nitazikwa nacho. Kivae ukimfunga kidonda. Na kazi yenyewe fuata ya nesi Kasiva peke yake: nawa mikono kwanza, usiweke unga, usiweke majani wala dawa ya jirani, hata jirani akiapa. Ukiona wekundu unatambaa au harufu imerudi, usimuulize Phares. Mpeleke.

Wenu,
Rispa wa Kageha

* * *

Mudete
Juni 15, 2025

Phares na Wacuka,

Salamu za nyumba nzima. Ni wiki nne na sijapata neno. Javan ananiambia wote wazima na mko nyumbani, lakini Javan hufupisha mambo.

Kama nilikosea kulitoa jina la mama, niambieni nikosolewe. Nimezeeka, naweza kukosea. Lakini msinyamaze, kwangu kuna kimya cha kutosha.

Rispa

* * *

Komarock
Juni 29, 2025

Dada yangu, binti mkubwa wa Kageha,

Hukukosea. Tulinyamaza kwa sababu nilitaka kukuandikia nikiwa na habari nzuri mkononi, na kidonda hakina haraka. Eve amepata jino jipya. Frankline amehamishiwa karibu, Thika, sasa analala nyumbani. Wacuka anakusalimu kwa majina yake yote mawili.

Siku ile alikuja wadini na bahasha yako, akaketi, akasoma. Ndiyo, nilijifanya nimelala. Alipofika kwenye chai ya moto alikohoa, akaendelea. Alipofika kwenye kuku na maharagwe nilisikia analia. Kisha, nikiwa bado nimefumba macho, nikasikia mfuko unafunguliwa. Nikachungulia. Alikuwa anajifunga kitambaa cha mama. Amekifunga vibaya, kwa mtindo wa kwao, masikio yote nje, lakini yale maua, Rispa. Nilikuwa sijayaona tangu tulipomzika.

Kasiva akaleta karai. Wacuka akanawa mikono hadi kwenye viwiko kama alivyofundishwa, akasimama miguuni pa kitanda. Hakuniita Baba. Alisema, "Nyoosha mguu."

Nikanyoosha. Nililia kwa sauti, mzee mzima, wadi yote ikageuka. Akaniambia, "Unalia na bado sijagusa?" Tukacheka mpaka Kasiva akatukaripia kwamba tunatikisa kitanda.

Sasa Wacuka hunifunga kidonda kila asubuhi, Eve akishaenda shule. Hupima sukari kwanza, kisha mguu, na hutaja anachokiona kwa sauti kama mtangazaji: "Haina harufu. Haina moto. Nyama ni nyekundu safi." Tundu la kifundoni limefunga kabisa. La paja lilikuwa linameza kidole, leo ni kama punje ya haragwe. Kliniki daktari aliuliza ni zahanati gani inayofanya kazi nzuri hivi. Nikasema ni mama yangu. Aliandika kitu, nadhani anataka kunipima na kichwa.

Lakini lililonifanya nikae kuandika leo ni la jana. Ndung'u alikuja tena na wale wazee wawili. Nilikuwa kwenye kochi, nimevaa kaptura, Rispa, kaptura, mguu umelala juu ya stuli, bendeji yote nje. Nikasikia sauti yake mlangoni, moyo huu mpya ukaruka. Nikaanza kushusha mguu nitafute suruali. Wacuka alikuwa jikoni anaengua mafuta kwenye supu, hakugeuka hata. Akasema tu, "Usishushe."

Nikauacha. Ndung'u akaingia akauona, akaona na mimi nimeketi hivyo mbele yake. Nikamwambia, "Niwie radhi, mkwe wangu. Nilitaka kukupokea kwa heshima, lakini mama amekataa."

Akatazama mlangoni, akatazama chumbani, akimtafuta huyo mama mwenye mtoto wa miaka sitini na saba. Nikamweleza habari ya Kageha toka mwanzo, nikamwonyesha binti yake pale jikoni na kitambaa chake cha maua. Ndung'u akachukua mto wa kochi, akapiga goti kwa shida, akauinua mguu wangu kwa mikono yake miwili na kuuweka mto chini ya kisigino.

"Sawa," akasema. "Kama huyu ni mamako, basi mimi ni guka yako. Sasa kunywa supu, mjukuu, isije ikapoa tukasema ni wewe."

Nimekunywa bakuli mbili. Mguu upo, Rispa. Njoo uuone.

Mtoto wa Kageha,
Phares